Sura ya Sita: Mwenye Kubadili Mchoro na Dhima Yake

Katika nchi ya Marekani, ambako karibu kila kitu kirukacho angani kimewekewa kanuni, hati na mkaguzi, umeachwa wazi mlango mmoja ambao mgeni akisimuliwa huona taabu kuusadiki: mtu wa kawaida, awe seremala, mwalimu au daktari wa mifugo, aweza kununua mchoro, akaagiza mbao au bati au nyuzi za kioo na gundi yake, akajifungia bandani miaka mitatu au minane kwa kadiri ya fedha na subira aliyojaaliwa, na mwishowe akatoka na ndege kamili, akaipeleka kiwanjani, akaiombea hati, akaruka nayo. Sheria humtaka jambo moja kubwa, nalo ni kwamba sehemu iliyo kubwa ya kazi, ambayo wenyewe huihesabu kuwa asilimia 51, iwe imefanywa na watu walioifanya kwa kujifunza au kujiburudisha tu. Akiisha kulitimiza hilo, mkaguzi aliyekubaliwa na Idara ya Usafiri wa Anga, ijulikanayo kwa herufi zake FAA, huja akatazama kama kazi ni ya ustadi, kama skrubu zimefungwa na nyaya zimelindwa, kisha humpa hati ya ndege ya majaribio na, kwa kawaida, kumwamuru airushe peke yake, mbali na makazi ya watu, kwa saa 25 au 40 kwa kadiri ya injini na rafadha aliyoitumia. Jambo asilomuuliza ni kama ameufuata mchoro.

Mwenye ndege ya kiwandani hana uhuru huo. Akitaka kuhamisha tangi, au kutia injini yenye nguvu zaidi, au hata kubadili viti, hana budi kutafuta kibali, na kwa mabadiliko makubwa kibali hicho huja baada ya wahandisi kupiga hesabu na serikali kuzipitia, jambo linaloweza kumgharimu kuliko thamani ya ndege yenyewe. Aliyejiundia ndege nyumbani hutwaa msumeno akakata. Akiwa amekwisha kupata hati yake, na mabadiliko ni makubwa, masharti aliyopewa yatamrudisha katika muda wa majaribio, aghalabu kwa saa zisizopungua tano, na ayaandike katika daftari la ndege. Na hapo serikali imekwisha kumaliza naye.

Wengi huihesabu ruhusa hiyo kuwa msamaha, nao wamekosea. Sheria iliyonyamaza wakati mtu anakata na kuunganisha haijasema kwamba hataulizwa. Imeahirisha swali tu, na siku ya kulileta italileta mbele ya hakimu, kwa kinywa cha wakili wa mjane, wakati ambapo ndege imekuwa vipande na aliyekuwa akiirusha hawezi tena kusema neno.

Kadhia ninayoitumia kulieleza jambo hili ni maarufu kwa sababu aliyekufa alikuwa mashuhuri, lakini ingefaa vilevile kama angekuwa mtu asiyejulikana nje ya mtaa wake.

Burt Rutan, msanifu aliyekuwa na karakana yake jangwani, katika mji wa Mojave huko California, aliwapa waundaji wa nyumbani katika miaka ya 1970 ndege ya namna wasiyoizoea: kibawa kidogo puani, mabawa makubwa nyuma, injini na rafadha zimewekwa mkiani zikisukuma badala ya kuvuta, na umbo lote limechongwa kwa povu gumu na kuvikwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa kwa gundi. VariEze ilianza kuruka mwaka 1975. Long-EZ, iliyo kubwa kidogo na yenye kwenda mbali zaidi, ikaifuata mwaka 1979. Rutan aliuza michoro na maelezo ya kuisoma, na katika jarida lake lililoitwa Canard Pusher aliwaeleza wateja ajali zilizotokea na masahihisho ya lazima, tena hakuchoka kuwasihi wasibadili usanifu wake kwa kukisia.

Long-EZ ina matangi mawili, moja katika shina la kila bawa, na rubani hunywesha injini kutoka tangi moja kwa wakati mmoja. Likikaribia kukauka, hugeuza vali aende kwenye la pili. Katika mchoro wa Rutan vali hiyo imekaa mbele, kati ya miguu ya rubani, mahali ambapo mkono huishika ilhali macho yangali yanatazama anga. Mtu mmoja wa Texas aliyeunda Long-EZ yake katika miaka ya 1980 hakupendezwa na mpango huo. Yeye hakutaka bomba la mafuta lipite katika chumba anachoketi mtu, na kwa hakika hofu hiyo si ya kipumbavu, kwa maana petroli ikivuja miguuni pa rubani ajali ndogo hugeuka moto. Basi akaihamishia vali nyuma, kwenye ukuta ulio kati ya chumba cha abiria na injini, akaiunganisha kwa fimbo ndefu hadi kwenye mpini alioupachika nyuma ya bega la kushoto la rubani. Mpini haukuwa na alama za kuonyesha upande upi ni wa tangi lipi. Vioo vya kutazamia kiasi cha mafuta, vilivyokuwa nyuma pembeni mwa kiti cha pili, navyo havikuandikwa vipimo.

Ndege hiyo iliruka miaka kadhaa. Ikauzwa kwa mtu wa pili, na mnamo Oktoba 1997 ikanunuliwa na mwimbaji John Denver, mwana wa rubani wa jeshi la anga, mwenyewe akiwa rubani mwenye zaidi ya saa 2,700 angani, ila hakuwa na mazoea na ndege ya namna ile. Tarehe 12 ya mwezi huo, kiwanjani Monterey, yeye na fundi wa pale waliuzungumza mpini huo kwa kuwa ulikuwa mgumu kuufikia. Walijaribu kuurefusha kwa koleo la kubana, isifae kitu. Fundi akampa kioo cha kujitazamia, ili aweze kuyaona mafuta yaliyo nyuma yake bila ya kugeuka. Alipoulizwa kama atajaza mafuta alikataa, akasema hatakawia angani. Na kuhusu vali alisema kwamba ikimlazimu kuigeuza ataiacha ndege mikononi mwa kiongozi cha kujiendesha. Akaruka jioni, akatua na kupaa mara tatu kwa mazoezi, kisha akaelekea pwani. Mashahidi waliokuwa nchi kavu waliona ndege ikiwa chini, futi mia chache tu juu ya maji, wakasikia injini ikipunguza sauti, wakaiona ikilala upande na kuzama katika ghuba. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Halmashauri ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, iliwaweka marubani katika ndege ya namna hiyohiyo yenye mpini uliowekwa mahali palepale. Ikaonekana kwamba mtu akitaka kuugeuza hana budi kuuachia mkono wa kuongozea, ambao katika Long-EZ uko upande wa kulia, alegeze mkanda wa begani, azungushe kiwiliwili kushoto mpaka atazame nyuma. Na mwili, ukitafuta pa kujiegemeza katika msokoto ule, husukuma mguu wa kulia mbele, nao mguu wa kulia umekanyaga pedali ya usukani. Ndege inageuka bila ya rubani kukusudia. Mwaka 1999 halmashauri ilitoa rai yake: chanzo ni rubani kushughulishwa na mpini hata akaukanyaga usukani asijue, na pia kutojaza mafuta kabla ya kuruka, na katika mambo yaliyochangia ikataja uamuzi wa mwundaji wa kuuweka mpini usio na alama mahali pagumu kufikika, vioo visivyo na vipimo, na rubani kukosa mazoezi ya kutosha katika ndege ile.

Tuutazame uamuzi huo wa mwundaji kwa insafu. Yule bwana hakufanya uvivu wala hakutaka kupunguza gharama. Alibadili ili awe salama zaidi, na kwa hatari aliyokuwa akiifikiri alikuwa salama zaidi kweli. Lakini msanifu akiweka kitu mahali fulani huwa amepima sababu nyingi, na nyingine hakuziandika. Mwundaji anayekihamisha kwa ajili ya sababu moja huzivunja zote kwa pamoja, tena asitambue, kwa kuwa mwili wake mwenyewe unaijua ndege yake na mkono wake umekwisha kuzoea kwenda nyuma ya bega. Adha haimpati yeye. Humpata mnunuzi wa pili au wa tatu, mwenye mikono mifupi zaidi, anayeketi humo kwa mara ya kwanza.

Kama sheria imwone mwundaji ana dhima kwa mnunuzi wa tatu ambaye hata hawakupata kuonana, ni swali lililochukua zaidi ya karne kupata jibu. Mwaka 1842 mahakama ya Uingereza ilimwambia dereva wa gari la barua aliyelemazwa na gari bovu kwamba hana haki juu ya aliyepewa kazi ya kulitunza, kwa kuwa mkataba haukuwa baina yao wawili. Mwaka 1916 huko New York, katika shauri la MacPherson na kampuni ya Buick lililohusu gurudumu ambalo mbao zake zilivunjika njiani, Hakimu Cardozo aliuvunja ukuta huo: mwenye kuunda kitu ambacho kikiundwa kwa uzembe kitahatarisha uhai, akajua kwamba kitatumiwa na asiyekuwa mnunuzi, anawajibika kwa huyo. Waingereza wakafika hapo mwaka 1932 kwa ile chupa ya kinywaji iliyosemekana kuwa na konokono, katika shauri la Donoghue na Stevenson, na kwa kuwa Kenya na Tanzania zilirithi sheria hiyo ya Kiingereza, Kenya kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897 na Tanganyika tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu zimeendelea kuzisikiliza hukumu za Waingereza zilizofuata, msomaji wa Mombasa au Tanga asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Kisha mwaka 1963 California ikaenda mbali zaidi ya wote. Mtu mmoja alikuwa akifanya kazi ya mbao nyumbani kwake kwa mashine aliyozawadiwa na mkewe. Gogo likaruka likampiga usoni. Mahakama ikasema kwamba aliyeitengeneza na kuiuza mashine yenye kasoro anawajibika hata kama uzembe wake haukuthibitishwa. Miaka miwili baadaye Taasisi ya Sheria ya Marekani ikaliandika fundisho hilo katika kifungu mashuhuri cha 402A, nacho kina maneno mawili ambayo kila mwundaji wa ndege angepaswa kuyajua kama ajuavyo uzito wa ndege yake.

La kwanza ni kwamba sheria hiyo kali humshika aliye katika biashara ya kuuza vitu vya namna hiyo. Mtu aliyeunda ndege moja kwa ajili ya nafsi yake, kisha akaiuza kwa sababu ya uzee au shida, si mfanyabiashara, na mara nyingi ataepukana na ukali huo. Lakini kuepukana na sheria kali si kuepukana na dhima. Yapo bado madai ya kawaida ya uzembe, ambayo humwuliza swali jepesi kutamka na gumu kujibu: Je, mtu mwenye busara, katika hali yako, angefanya ulivyofanya?

La pili ndilo kiini cha sura hii. Kifungu kinasema kwamba muuzaji atawajibika ikiwa kitu kimemfikia mtumiaji bila ya kubadilika sana kuliko kilivyouzwa. Tafsiri yake kwa upande wa ndege ni kwamba msanifu ana ngao, na ngao hiyo hukabidhiwa na mwundaji mwenyewe. Aliyeifuata michoro mstari kwa mstari, mambo yakiharibika, aweza kusimama mbele ya hakimu na kusema: nimejenga nilivyoambiwa, mwulizeni aliyechora. Aliyehamisha vali hawezi. Wakili wa msanifu atasimama, atatandaza karatasi ya mchoro juu ya meza, ataweka picha ya ndege kando yake, na atauliza ni nani aliyeitoa vali hapa na kuipeleka pale. Fundi wa majahazi wa Lamu, ambaye hana karatasi na huunda kwa jicho na kwa mazoea ya babu zake, amezoea kubeba sifa na lawama ya chombo chake peke yake. Mwundaji wa ndege anayeondoka katika mchoro wa mwenziwe amejitia katika hali hiyohiyo, ila hana babu zake.

Tena jina lake limekwisha kuandikwa. Kanuni za Marekani zataka kila ndege iwe na kibati kisichoungua moto, kilichochorwa jina la mwenye kuiunda, aina yake na namba yake, na kwa ndege ya nyumbani jina la mwenye kuiunda si la Rutan wala la kiwanda chochote, ni la yule aliyekuwa bandani. Nimeona watu wakilipiga picha bati hilo kwa fahari, na fahari hiyo ni halali yao. Ila kwa wakili bati hilo ni anwani.

Yupo atakayejitetea kwamba serikali ilimpa hati. Utetezi huo ni dhaifu hata kwa wakubwa. Mwaka 1983, katika jimbo la New Mexico, rubani mmoja alijeruhiwa vibaya katika Piper Super Cub aliyoigeuza kwa kukiondoa kiti cha mbele na kufunga mahali pake kamera ya sinema. Akaidai kampuni ya Piper. Piper ikajibu, pamoja na mengine, kwamba usanifu wake ulikuwa na kibali cha serikali kuu, na mwaka 1993 mahakama ya rufani ya mzunguko wa kumi ikaamua kwamba kibali hicho hakizuii madai yaliyoletwa kwa sheria ya jimbo. Ikiwa kampuni iliyopimwa, ikahesabiwa na kuthibitishwa haikupata kujificha nyuma ya muhuri wa serikali, sembuse mtu ambaye mkaguzi wake hakuutazama hata mchoro, na ambaye ndani ya ndege yake limebandikwa, kwa amri ya kanuni, tangazo la kumwonya abiria kwamba chombo hiki kimeundwa na mtu asiye wa kiwandani na hakitimizi masharti ya ndege za kawaida?

Tangazo hilo lenyewe lina faida na lina mpaka wake. Abiria mtu mzima aliyelisoma akapanda amekubali sehemu ya hatari, na wakili wa utetezi atalisema hilo kwa sauti. Lakini alikubali hatari ya jumla. Hakuambiwa kwamba vali imehama, wala kwamba shina la bawa limeongezwa inchi kadhaa. Mtoto hawezi kukubali kitu. Na aliyekuwa amelala nyumbani kwake chini ya njia ya ndege hakusoma tangazo lolote.

Wasanifu nao wana hofu yao, na haiwezekani kuielewa hali ya mwundaji bila ya kuijua. Viwanda vikubwa vya Marekani, vilivyotoa ndege ndogo 17,811 katika mwaka 1978, vilishuka hadi 928 mwaka 1994. Zipo sababu kadhaa, lakini wenye viwanda waliyataja madai ya mahakamani kuwa mojawapo ya kubwa, na Cessna ikaacha kabisa kuunda ndege ndogo za pistoni mwaka 1986. Agosti 1994 Rais Clinton alitia sahihi sheria ya kuvifufua, iliyoweka ukomo wa miaka 18 baada ya ndege kumfikia mnunuzi wa kwanza. Ila sehemu mpya ikitiwa katika ndege kuukuu, hesabu ya miaka 18 ya sehemu hiyo huanza upya. Kabla ya sheria hiyo, mwaka 1985, Rutan alikwisha kuacha kuuza michoro, na hofu ya mashauri ilikuwa miongoni mwa sababu. Sina neno la kumlaumu. Msanifu anayeuza karatasi kwa bei ya suti moja hawezi kubeba dhamana ya kila seremala atakayezisoma kwa namna yake.

Na seremala huyo akikosea, msanifu au muuza vifaa atatafutwa tu, maana mawakili hufuata penye mali. Mwaka 2014 huko Oregon ndege ya aina ya RV-10, iliyoundwa nyumbani kwa vifaa vya kampuni ya Van's, ilizimika angani ikaanguka. Wachunguzi wakakuta kipande cha silikoni ya kuzibia, kitu ambacho petroli hukilegeza, kimeziba kipimio cha mtiririko wa mafuta. Jamaa wa waliokufa wakaidai kampuni ya vifaa. Katika kadhia ya Denver nayo, warithi waliwadai watengenezaji wa vali na muuzaji wake, kampuni ambazo hazikuwa na neno katika kuihamisha, na shauri hilo likamalizwa kwa mapatano pasipo hukumu. Kwa hiyo mwundaji asiye na mali nyingi huenda asiguswe, na wengi huko hujiliwaza kwa hilo. Mimi naliona ni liwazo la ovyo: nyumba, akiba ya uzeeni na miaka minne ya kujibu maswali ya mawakili ni mali pia, na mdaiwa mkubwa anayetafutwa kwanza ndiye atakayemvuta mdogo aje kuchangia fidia, kwa maana majimbo mengi hugawa taksiri kwa mafungu, na kila fungu linalomwangukia mwundaji limemwondokea mkubwa.

Ripoti ya halmashauri, wengi hawajui, haiingii mahakamani na rai yake. Sheria ya Marekani imekataza rai ya halmashauri juu ya chanzo cha ajali isitumiwe katika shauri la fidia. Yaingiayo ni mambo ya hakika, vipimo, picha na maneno ya mashahidi. Hiyo ndiyo sababu daftari la mwundaji huwa shahidi mkubwa kuliko wote. Daftari lisemalo kwamba siku fulani niliandika barua kwa msanifu nikimweleza azma yangu, akanijibu hivi, nikapima uzito upya, nikajaribu mpini nikiwa nimefungwa mikanda, nikamketisha mtu mfupi naye akajaribu, nikatia alama, nikaruka saa kadha na kuona kadha wa kadha, ni daftari la mtu mwenye busara, na juri ya raia huliona hilo bila ya kuelezwa. Daftari tupu husema pia.

Kuna wanaodhani kwamba watajitoa wakati wa kuuza. Hati ya kumwachilia muuzaji dhima, iliyoandikwa na wakili na kutiwa sahihi na mnunuzi, ni jambo jema na pasiwe na mauzo bila yake. Lakini humfunga aliyetia sahihi, na katika baadhi ya majimbo haiwafungi hata warithi wake, sikwambii abiria wake. Isitoshe, mwundaji ana cheti cha ufundi kinachomruhusu kuikagua kila mwaka ndege aliyoiunda, nacho hakihamii kwa mnunuzi; mnunuzi aghalabu atamrudia amkagulie, na kila sahihi anayoitia daftarini baada ya mauzo ni ushahidi mpya kwamba aliiona vali ile, mwaka ule, akaridhika nayo. Bima ya ndege humalizika siku ya kuuza. Na kabla ya kuuza, bima nyingi hushurutisha ndege iwe ndani ya masharti ya hati yake, hivyo badiliko kubwa lisiloandikwa laweza kumwacha mtu bila ya bima akidhani anayo. Baadhi ya waundaji wazee, wakiyapima hayo yote, huikata ndege vipande na kuuza injini peke yake. Huzuni yake haisemeki, lakini kwa ndege iliyobadilishwa sana na isiyo na maandishi, sioni kwamba wamekosa akili.

Sijaandika haya ili kumkataza mtu kubadili. Ndege za nyumbani zimewafundisha wenye viwanda mambo mengi, na Rutan mwenyewe hakuwa mtu wa kufuata michoro ya wengine. Natofautisha baina ya anayebadili akijua kwamba sasa yeye ndiye msanifu, akachukua na kazi ya msanifu, hesabu na majaribio na alama na maandishi, na anayebadili akidhani jina la msanifu lingali likimfunika.

Nawe uliyeazimia kununua ndege iliyoundwa na mtu mwingine, usianze kwa rangi wala kwa injini. Mwombe muuzaji mchoro wa asili na daftari la ujenzi, uvitandaze kando ya ndege, na uulize kila palipo na tofauti ilifanywa na nani, lini, na kwa sababu gani. Kisha ingia, jifunge mikanda yote, fumba macho, na uguse kwa mkono kila kitu utakachohitaji angani, kuanzia na vali ya mafuta. Kisichofikika hapo kiwanjani kirekebishwe kabla ya kulipa fedha.